Dogo anayelala koridoni

Mwaka 2022 wanafunzi wetu walipokimbia vita Ukraine wakarudi, mama mmoja wa hapa Moshi alinifata ofisini, dokta (mi sio daktari ni mshauri nasaha ila nshachoka kusahihisha), mwanangu kitanda anacho anakiacha analala koridoni, ndugu washaanza kusema karogwa.

Hajarogwa bana. Kule watu wana kanuni ya kuta mbili, king'ora kikilia na huwezi kuwahi handaki unakaa sehemu ambayo kati yako na nje kuna kuta mbili, wa kwanza upokee mshindo, wa pili uzuie vioo na vipande, na kwenye nyumba nyingi sehemu hiyo ndo koridoni.

Sisi tunadhani raia wa vitani anaishi kwa ushujaa, kumbe kinachomshikilia ni vitu vidogo anavyovifanya kwa mkono wake, begi la vyeti mlangoni, simu imejaa chaji, chai saa ileile. Kabla ya vita ya pili ya dunia wataalamu wa Uingereza walitegemea mabomu yakianza watu watapagawa, wakaandaa mpaka hospitali. Septemba 1940 yakaanza kweli, London ikapigwa usiku 57 mfululizo, hadi Mei 1941 nchi nzima walishakufa raia zaidi ya 40,000, ila zile wodi za wenda wazimu hazikujaa. Daktari mmoja wa akili, MacCurdy, akaona kitu: bomu likikukosa kwa mbali unapata kiburi kabisa, unajiona hupatikani, ila likikukosa padogo ukatoka na vumbi machoni, jirani kalala pale hainuki, hilo unabaki nalo mwilini.

La huyu dogo lilipita padogo. Masika ngurumo ikipiga kutoka mlimani yeye yuko chini ya meza.

Sikumlazimisha asimulie. Hii ya "toa yote moyoni" tunaipenda sana, wachungaji na hata sisi wenyewe, lakini kumsukuma mtu aanze kuhadithia wakati bado mbichi haimsaidii na wengine inawachimba zaidi. Nikamwambia mama godoro liache, mpe kazi moja yake kila siku saa ileile, wakampa kukata majani ya ng'ombe.

Mara ya mwisho mama kaja na lalamiko jipya, sa hivi analala chumbani ila mlango hataki ufungwe. Nikamwambia uache wazi.