Zima Hiyo Spika, Tafadhali

Nimeulizwa tena wiki hii, safari hii na mgeni kutoka Dar aliyekuja kutazama ndege, ambaye hata kamba za viatu alikuwa hajafunga: "Kaka, spika umebeba?" Nikamwambia ipo kwenye begi. Akafurahi kana kwamba kazi imekwisha. Basi leo naandika, ili atakayeuliza tena nimtumie kiungo, pumzi yangu nibaki nayo ya kupandia mlima.

Imani yenyewe ni hii: kwamba ndege wa msitu mnene anaitwa. Mwongozaji ana rekodi kwenye simu, anabonyeza, ndege anakuja, anatua tawi la karibu, mnapiga picha, mnahamia kwa mwingine. Asipokuja, basi spika ni dhaifu au mwongozaji hajui kazi. Wapo hata vijana wa fani hii, wenye darubini nzuri kuliko yangu, wanaoamini hivyo.

Nianze na lililo rahisi. Dume anapoimba anatangaza mipaka. Ukimpigia wimbo wa dume mwenziwe akaja, hajaja kukusalimu. Amekuja kumfukuza mvamizi. Ameacha kula, ameacha kiota, anamtafuta adui asiyeonekana. Akija mara kadhaa akakuta hakuna kitu, anaweza kuacha kabisa kuja. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwenye msitu wa mlimani huko Ecuador, na aina moja ya ndege iliyopigiwa sauti siku baada ya siku ilizoea, ikapuuza. Sisi tunaoongoza wageni Amani, msitu wa hifadhi ulioko Usambara Mashariki, tunavyo vipande vya njia ambako kila kundi husimama palepale na kupiga wimbo uleule, halafu watu wanashangaa kwa nini ndege "ameadimika". Hilo tuliache, linaeleweka.

Kinachonichosha ni kwamba watu hawajiulizi wanapiga nini. Ndege ana wimbo, ana mlio wa kuwasiliana na mwenza wake, ana mlio wa kuwaonya wenzake kwamba kipanga anapita. Nimemsikia mtu akipiga mlio wa kuonya kwa dakika nzima, kisha analalamika kwamba bonde limenyamaza. Lazima linyamaze! Umewatangazia hatari, ulitaka wakupigie makofi?

Halafu kuna mlima. Usambara, Nguru, Ukaguru, Rubeho, Uluguru, Udzungwa: kwenye ramani ya mtalii yote ni Milima ya Tao la Mashariki, anaiona kama kitu kimoja. Kati yake kuna nyika kavu, na ndege wa ndani ya msitu havuki nyika kwenda kuhudhuria arusi. Kwa muda mrefu sana kila mlima umekuza ndege wake, na mara nyingine lafudhi yake. Mwaka 2009 ndege mdogo wa vichakani wa Rubeho alitenganishwa na ndugu yake wa Uluguru, Scepomycter winifredae, akapewa jina lake mwenyewe, Scepomycter rubehoensis. Kabla ya hapo vitabu viliwahesabu kuwa ndege mmoja. Sasa wewe umepakua rekodi ya kwanza uliyoikuta, hukusoma ilirekodiwa wapi, unampigia ndege wa Usambara sauti ya mlima mwingine. Asipojibu, unaongeza sauti. Tatizo halikuwa sauti kuwa ndogo, ndugu yangu.

Na msimu je? Ndege wengi wa misitu yetu huanza kuzaliana kuelekea mvua za vuli, na hapo ndipo mipaka huwa jambo la kufa na kupona. Julai, baridi na ukungu vimeshika, unampigia wimbo wa ugomvi ndege asiye na kiota cha kulinda. Hata mimi singeinuka.

Na mwinuko. Hifadhi ya Amani pekee inaanzia chini ya mita 200 na kupita mita 1,100. Shorobo wa Fischer, yule mwenye kishungi chekundu, ndiye wa Usambara Mashariki. Wa Hartlaub, mwenye kichwa cheusi-buluu, unamkuta Usambara Magharibi, ukipanda Magamba, juu ya Lushoto. Kuna aliyesimama Amani akimpigia Hartlaub, akaniuliza kwa nini ndege wa Tanzania ni wagumu.

Lakini hapa kwenye mwinuko nami nina mashaka yangu. Vitabu huchora mstari: huyu anaishi kuanzia mita kadhaa, yule anaishia mita kadhaa. Wakati wa baridi mstari huo hulegea. Pogonocichla stellata, mwenye doa jeupe mbele ya jicho, huteremka hadi misitu ya chini ambako orodha haimtaji. Tena, mtafiti William Newmark na wenzake wamekuwa wakivisha ndege pete Usambara tangu 1987, na kumbukumbu hizo za miaka mingi zinaonyesha baadhi ya ndege wanasogea juu kadiri joto linavyoongezeka. Kwa hiyo nikimwambia mgeni "huyu yuko juu ya mita 1,600", siku hizi nasema kwa sauti ya chini kidogo. Anayekwambia mipaka hiyo kwa uhakika wote amesoma toleo la zamani.

Sasa, kama si spika, ndege wanaonekanaje? Kwa sehemu kubwa hawaonekani. Nasema hivi mapema ili usije ukadai fedha zako. Utatembea nusu saa bila kuona unyoya, kisha ndani ya dakika tatu ndege wa aina kumi watapita juu ya kichwa chako na hutajua uelekeze wapi darubini. Hilo ni kundi mchanganyiko: shore wa kijani wasiotofautiana, machozi, vigong'ota, wanasafiri pamoja wakila. Mara nyingi kiini chake ni mramba mweusi, Dicrurus ludwigii. Yeye hukaa wima akidaka wadudu wanaokurupushwa na wenzake, na macho yake makali huwafaidi wote. Nikimsikia mramba naacha mazungumzo, hata kama mgeni yuko katikati ya habari za harusi ya dada yake. Kundi huwa limekuja kula. Ukiwasha spika katikati ya kundi, huenda ukamvuta mmoja ukapoteza wengine wote.

Siafu nao. Mgeni akiona siafu anaruka na kupiga suruali. Mimi naangalia wanaelekea wapi. Mbele ya msafara wao wadudu wanakimbia, na hapo chini kwenye majani makavu hujitokeza ndege ambao siku nyingine huwasikii wala kuwaona: Neocossyphus rufus mwenye rangi ya kutu, na Alethe wa kifua cheupe. Simama kando, chomeka suruali ndani ya soksi, nyamaza. Hondohondo hawahitaji maelezo. Tafuta mti wenye matunda, mabawa yao yatakwambia wamefika.

Sijasema rekodi hazina maana. Mfano bora ninaoujua ni Artisornis moreaui, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, aliyepewa jina la Reginald Moreau aliyefanya kazi Amani enzi za Waingereza. Anajulikana kwa sayansi tangu 1931, na makazi yake ni Usambara Mashariki na sehemu ya kaskazini mwa Msumbiji tu. Anakaa kwenye mafundo ya mitambaazi, mara nyingi kando ya msitu au palipoanguka mti, yaani mahali ambapo mgeni anapita haraka kwa sababu "msitu halisi uko ndani". Asiyeijua sauti yake atapita chini yake mwaka mzima. Anayeijua atasimama. Hiyo ndiyo kazi ya rekodi: usikilize nyumbani, jioni, mpaka mkeo achoke, ili asubuhi masikio yako yajue yanatafuta nini. Rekodi ni ya masikio yako, si ya ndege.

Na ndiyo, ninayo kwenye begi, na kuna nyakati naitumia. Kule Uluguru kuna Malaconotus alius, asiyepatikana mlima mwingine wowote, anayeishi juu kabisa ya miti. Bila kupiga sauti kidogo, mgeni aliyetoka mbali anaweza kuondoka akiwa amepata shingo ya kuuma tu. Miongozo ya maadili inasema usipige kabisa kwa ndege walio hatarini. Naiheshimu, lakini haijibu swali langu: kipi kinamsumbua zaidi ndege wa vichakani, nusu dakika ya sauti kutoka njiani, au watu sita kuacha njia na kukanyaga miche mpaka wamfikie? Nimeona yote mawili, na nikilazimishwa kuchagua nachagua sauti fupi, moja, kisha kuzima. Mwenzangu ninayemwamini anasema najitetea. Inawezekana.

Linalonipa shida zaidi halina spika kabisa. Otus ireneae, bundi mdogo aliyegunduliwa Arabuko-Sokoke nchini Kenya mwaka 1965, yuko pia kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Mchana analala kwenye vichaka, chini chini, na wenyeji wakishajua kichaka chake, kinapelekewa watu. Hakuna aliyempigia chochote, kila mtu ananong'ona, kila mtu anajiona mwema, na bundi hapati usingizi. Siku hizi nampa mgeni dakika chache, bila tochi, tunaondoka. Nikiambiwa kuna kundi lililompitia asubuhi hiyo, hatuendi, na sehemu hiyo ya malipo ninamrudishia mgeni.