Kalenda ya mama kwenye TV: saa za kwetu, giza na mbalamwezi

Kodi ninayoizungumzia hapa si ya pango wala ya mapato. Mama aliponisikia mara ya kwanza nikisema "Kodi imegoma kufunguka" alishtuka, akauliza mwenye nyumba kafanya nini tena. Ni programu ya kuchezea filamu, muziki na picha kwenye TV, ile iliyokuwa ikiitwa XBMC mpaka 2014. Pale nyumbani Nyakato, Mwanza, nimeiweka kwenye Raspberry Pi 4, kikompyuta cha ukubwa wa kiganja, nimekibandika nyuma ya TV.

Mama anauza dagaa. Ananunua kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, anafunga magunia na kuyapakia kwenye mabasi ya mikoani. Simu yake muda mwingi iko chumbani kwenye chaji au mikononi mwa mjukuu, kwa hiyo vikumbusho vyote nilivyomwekea vililia bila msikilizaji. TV ndiyo haikosi watazamaji. Nikaamua kalenda imfuate huko.

Upande wa mitambo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kalenda za mtandaoni karibu zote hutoa faili la ics, maandishi ya kawaida kabisa ambayo unaweza kuyasoma kwa macho: kila tukio limefungwa kati ya BEGIN:VEVENT na END:VEVENT. Ndani yake DTSTART ni muda wa kuanza na SUMMARY ni jina la tukio. Nina skripti, yaani programu fupi, ya lugha ya Python inayopakua faili hilo kila baada ya dakika 15 na kulihifadhi, ili bando likiisha tubaki na nakala ya mwisho. Kila dakika cron, kiamshaji cha kazi za ratiba ndani ya Pi, huiamsha skripti iangalie kama kuna jambo limefika. Likiwepo, inatuma amri ya GUI.ShowNotification kwa Kodi kupitia mlango wa mtandao (port) namba 8080. Sharti kwanza uruhusu udhibiti kwa HTTP kwenye mipangilio ya Kodi, na uweke nywila. Wengine huandika adoni, yaani programu ya nyongeza, ndani ya Kodi yenyewe. Mimi sipendi, maana skripti ikikwama ikiwa nje, filamu inaendelea.

Arifa ya kawaida hukaa sekunde 5 kisha ikatoweka. Sekunde 5 hazimtoshi mtu aliyekwenda jikoni kugeuza samaki. Kwa mambo mazito ninaongeza muda hadi sekunde 30, na kabla ya hapo natuma Player.PlayPause ili picha isimame. Tamthilia ikisimama ghafla nyumba nzima inauliza kulikoni, na hapo mtu lazima asome.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye saa. Siku ya kwanza TV iliandika "19:00 Kikao". Mama akasoma, akanigeukia: "Hiyo kumi na tisa ni saa ngapi?" Alikuwa na haki. Hakuna mtu hapa anayesema tukutane saa kumi na tisa. Kwenye faili muda huo ulikuwa 160000Z. Ile Z maana yake ni saa za Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa 3, mwaka mzima bila kubadilika. Baada ya kuongeza hizo 3 unatoa 6, unachukua baki la kugawa kwa 12, na baki likiwa sifuri unaandika 12. Mstari mmoja tu wa Python: (h - 6) % 12 or 12. Saa 19 inakuwa saa 1.

Saa 1 ya nini sasa? Hapo ndipo niligundua kwamba nilikuwa nimenakili mazoea ya Dar es Salaam. Saa zetu zimepimwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, wakati Mwanza iko karibu na digrii 33. Jua kwetu linachelewa kama dakika 48 nyuma ya saa ya ukutani. Giza likiwa limeshaanza kuingia Dar, huku kwetu watoto bado wanacheza mpira nje. Kwa hiyo 19:00 kwangu huandikwa "saa 1 jioni", na neno "usiku" linaanza 19:30. Ni kitu kidogo, lakini mama hajaniuliza tena.

Kilichonitoa jasho ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: taa inawavuta, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwaka taa inakosa nguvu, mitumbwi inapumzika, mzigo unapungua Mwaloni na bei inapanda. Mama anataka kukumbushwa siku 5 kabla ya mwezi mpevu, anunue mapema na akusanye pesa za wateja. Nikaweka tukio la kujirudia kila mwezi. Kwa miezi miwili lilionekana sawa, mwezi wa nne likawa linachekesha. Mwezi wa angani huzunguka kwa siku 29.53, na kalenda ina miezi ya 30 na 31. Hata ukiweka "kila siku 30", baada ya mizunguko 6 umeshapotea karibu siku 3. Kanuni za kawaida za kujirudia za ics hazijui mwezi wa angani.

Nikaacha kujirudia. Maktaba ya Python iitwayo ephem ina next_full_moon, unaipa tarehe inakupa mwezi mpevu unaofuata, kwa saa za Greenwich. Nazunguka mara 13, kila mara naongeza saa 3, narudi nyuma siku 5, naandika matukio ya mwaka mzima kwenye faili la pili la ics. Skripti inasoma yote mawili.

Kosa jingine lilikuwa la aibu. Wageni wamejaa, mechi iko dakika za mwisho, TV inaandika kwa herufi kubwa: rejesho la kikoba, na kiasi chake. Tangu siku hiyo kuna kalenda mbili mtandaoni, na kati ya hizo TV inasoma ile ya "Sebuleni" peke yake. Kiungo cha siri cha ics pia usikirushe kwenye kundi la WhatsApp, maana mwenye nacho anasoma kila kitu.

Na umeme. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimika huamka na muda wa mwisho iliouhifadhi, na bila intaneti haijisahihishi. Usiku mmoja umeme ulikatika kwa muda wa saa 4 nzima, bando lilikuwa limeisha, na kikumbusho cha alfajiri kikatokea mama akiwa ameshatoka Mwaloni, ameshauziwa kwa bei ya mbalamwezi. Kesho yake nilitafuta moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ndogo ya CR2032, nikaichomeka kwenye pini, nikaongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi. Mama ameomba sasa TV imwambie na bei.