Rejeta ya hita kwenye gari la zamani: kulehemu au kuweka mpya?

Gari la zamani likianza kunukia utamu ndani, na kioo cha mbele kikashika ukungu wa mafutamafuta unaozidi kuchafuka kila ukiupangusa, huwa siulizi maswali mengi. Nainama na kupapasa kapeti upande wa abiria, pale linapokunjika kupanda kwenye bati linalotenganisha injini na kabini. Likiwa limelowa maji matupu, nashuku mpira wa kioo, maana magari haya huvuja mvua kwa namna nyingi. Vidole vikiteleza, hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini yaliyotiwa dawa), na inakotoka ni juu yake tu: rejeta ndogo ya hita.

Kazi yake ni rahisi. Maji ya injini, yenye joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi, huingia kwa mpira mmoja, hupita kwenye vijibomba vyembamba, kisha hurudi kwenye pampu ya maji kwa mpira mwingine. Feni hupuliza hewa katikati ya vijibomba hivyo, nawe unapata joto miguuni na kioo kinakauka. Magari ya zamani rejeta hii ilitengenezwa kwa shaba na shaba ya manjano, viungo vyote vimelehemiwa. Alumini yenye matangi ya plastiki ilienea zaidi kuanzia miaka ya 1980. (Mwenye Volkswagen Beetle ya injini ya nyuma aendelee na shughuli zake; injini yake inapozwa kwa hewa, maji hayamhusu.)

Kinachoniudhi katika kazi hii ni watu kuvunja dashibodi kabla ya kupima. Hita kutotoa joto si ushahidi kwamba rejeta imekufa. Pasha injini moto, fungua hita mpaka mwisho, kisha shika mipira yote miwili. Ikiwa moto yote, maji yanapita vizuri. Tafuta kosa kwenye feni au vilango vya hewa. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, ama koki ya hita haifunguki ama vijibomba vimeziba. Ikiwa vuguvugu yote, angalia kwanza kiwango cha maji na thamostati (kilango kinachoruhusu maji yaende kwenye rejeta kubwa injini ikishapata moto) iliyokwama wazi.

Iliyoziba unaweza kuisafisha bila kuitoa: chomoa mipira upande wa injini na upitishe maji kinyumenyume, kuanzia bomba la kutokea. Fungua maji taratibu. Vifuniko vingi vya rejeta za magari hayo hushikilia shinikizo la kati ya psi 7 na 15 tu, na maji ya bomba la nyumbani yakifunguliwa yote yanaweza kuzidi hapo mara kadhaa. Unga wa kuziba matundu usiutie. Hauchagui tundu la kuziba, na vijibomba vya hita ni kati ya njia nyembamba zaidi za maji kwenye gari.

Kama inavuja na gari linahitajika leo, unganisha mpira wa kuingilia na wa kutokea kwa kipande cha bomba, maji yazunguke bila kupita ndani. Usizibe tu kila mmoja peke yake, kwa sababu kwenye baadhi ya injini mzunguko huo ni sehemu ya kupooza. Na kumbuka kwamba umepoteza kikaushio cha kioo.

Kabla ya kuagiza mpya, jiulize kilichoiua ya zamani. Mara nyingi ni kulanti iliyosahaulika. Dawa ya kuzuia kutu iliyo ndani yake huisha. Kulanti ya kijani ya kizamani hubadilishwa kila baada ya miaka 2 au 3. Ikishaisha, lehemu huanza kuliwa, na kwenye maungio huota gamba jeupe linalosonga hadi midomo ya vijibomba. Muuaji wa pili ni umeme. Waya wa erthi wa injini (unaorudisha umeme kwenye betri) ukioza, au mtu akifunga redio na feni ya ziada bila erthi ya maana, mkondo hupita kwenye maji na kula chuma kutoka ndani.

Kulipima hilo ni kazi ya dakika chache. Weka malti-mita (kipimo cha umeme) kwenye volti, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu izame kwenye kulanti bila kugusa chuma. Soma kila kitu kikiwa kimezimwa, soma tena stata ikizungusha, kisha washa taa, feni na redio kimoja kimoja. Ikizidi volti 0.3 una kazi ya waya mbele yako. Kwa rejeta ya alumini, hata 0.1 inanitia wasiwasi. Namba ikiruka wakati wa stata, anza na waya wa erthi wa injini. Rejeta mpya ikifungwa juu ya kosa hilo itakufa kama mwenzake.

Kuitoa ndiko kunakokula muda. Injini iwe baridi, betri imekatwa, na kulanti ikingwe kwenye beseni: ethilini glikoli iliyo ndani yake ni sumu, tena tamu, na mbwa au paka huilamba bila kusita. Mpira uliogandia shingoni, yaani kwenye bomba fupi la rejeta unapochomekwa, usiuzungushe kwa koleo. Shingo hizo ni laini, zimeshikwa na lehemu tu, na ukizipinda unajiundia tundu jipya. Mimi huchanja mpira kwa wembe, kwa urefu, kina kifupi nisiikwaruze shaba, kisha naubandua kama ganda la ndizi. Mipira yenyewe huwa imezeeka, kwa hiyo hasara hakuna. Vifuniko na matabaka ya zamani ya kuzuia joto usiyakwangue makavu. Mengine yana asbesto.

Sasa uamuzi. Ziba shingo moja, tia hewa ya psi 10 hadi 15 kwenye nyingine, na uizamishe kwenye beseni la maji. Tazama povu linatokea wapi. Likitoka kwenye mshono wa tangi au shingoni, lehemu. Likitoka kwenye kijibomba kimoja katikati, kinaweza kuzibwa ncha zote mbili, na joto litakalopungua hulihisi. Likitoka kila mahali, mtafute fundi rejeta akubadilishie moyo mzima (vijibomba vyote vya katikati) huku akibakiza matangi na shingo za asili. Kwa gari la zamani hilo ndilo chaguo langu, kwa sababu mpya za bei rahisi mara nyingi huja na shingo zilizopinda vingine, au nyembamba zaidi, na hapo kasha la hita linakataa kufunga. Ukilazimika kununua, pima unene na pembe za shingo kabla hujatupa ya zamani.

Anayelehemu mwenyewe ang'arishe shaba mpaka iwe nyekundu safi, atie flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike), na moto uwe mdogo. Lehemu ya bati na risasi nusu kwa nusu huanza kulainika nyuzi 183, kwa hiyo mshono wa jirani nao utaachia usipoufunika kwa kitambaa kilicholowa. Fungua madirisha, kisha osha flaksi yote. Ikibaki huendelea kula. Alumini yenye plastiki haina ukarabati wa kuaminika, gundi isikudanganye.

Unapoirudisha, zungushia sponji mpya isiyonyonya maji pembeni mwa rejeta. Bila hiyo hewa hupita ubavuni na hita inabaki baridi, huku mwenye gari akilaumu rejeta. Kwa kuwa dashibodi iko wazi, badilisha koki, mipira na brashi za feni.

Jaza nusu kulanti na nusu maji yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke, hita ikiwa wazi, pua ya gari imeinuliwa, kifuniko kimetolewa tangu injini ikiwa baridi. Minya mipira mpaka thamostati ifunguke na mapovu yakome. Kibao cha chini ya dashibodi usikifunge bado. Endesha, acha ipoe, kaza klempu tena kidogo maana mpira mpya hulegea ukipashwa moto, ila usizikaze hadi shingo ibonyee.