Rupia moja ya Zanzibar ilikuwa shilingi ngapi?

Kazi yangu ni hati za mashamba na madaftari ya biashara ya zamani, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: babu aliweka shamba la mikarafuu rahani kwa rupia 600, hizo ni shilingi ngapi? Wengi huja na jibu lao kabisa. Zidisha kwa moja na nusu, basi, upate 900.

Kiwango hicho ni cha kweli. Ndicho kilichotumika tarehe 1 Januari 1936, Zanzibar ilipoiacha rupia yake na kuingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki. Lakini ukikirudisha nyuma hadi hati ya 1910 au 1920, utamdhulumu ama babu ama aliyemkopesha.

Rupia ya Zanzibar na shilingi ya Afrika Mashariki hazikuwa na bei yao wenyewe kwa wenyewe. Rupia yetu, iliyopata noti zake za serikali mwaka 1908, ilikwenda sawa kwa sawa na rupia ya India. Shilingi iliyoletwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1921 ilikwenda sawa kwa sawa na ya Uingereza, 20 kwa pauni. Kwa hiyo ukitaka kujua zilikutana wapi, huna budi kupitia London: tafuta rupia ya India ilikuwa na thamani ya peni ngapi wakati ule, kisha gawa kwa 12, maana shilingi moja ni peni 12. Hesabu ni ya skuli ya msingi. Kazi iko kwenye kuipata ile namba ya peni, kwa sababu haikutulia.

Hadi 1893 rupia ilipanda na kushuka pamoja na bei ya fedha, yaani madini yale meupe, iliyomo ndani yake, gramu 10.69 za fedha safi. Mwaka huo India ilifunga viwanda vyake vya sarafu kwa watu waliokuwa wakipeleka fedha yao kugongwa rupia, na kufikia mwisho wa karne rupia ikawekwa kwenye peni 16, yaani rupia 15 kwa pauni. Hapo ndipo ilipokuwa Zanzibar ilipotoa noti zake. Gawa 16 kwa 12: shilingi moja na theluthi. Rupia 600 za mwaka 1910 basi ni shilingi 800 za Kiingereza, si 900.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Bei ya fedha ikapaa, na rupia ikapaa nayo. Mwanzoni mwa 1920 ilikuwa imeshavuka shilingi mbili na kuelekea tatu. Hapa ndipo Zanzibar na bara zilipoachana. Kule bara Waingereza waliifunga rupia kwenye shilingi mbili, wakatoa sarafu mpya, florini, ya thamani hiyo hiyo, na mwaka uliofuata wakaigawa florini kuwa shilingi. Zanzibar ilibaki na India, na ilikuwa na sababu: karafuu zilikwenda Bombay, mchele na nguo vilitoka huko, na wafanyabiashara wa Mjini waliandika vitabu vyao kwa rupia.

Bei ya fedha ilipoporomoka, rupia ya India ilirudi kwenye peni 16 hivi, na kuna wakati ilishuka chini ya hapo. Fikiria maana yake. Rupia ile ile, yenye kichwa cha mfalme yule yule, Forodhani ilikuwa shilingi moja na kitu, na ng'ambo ya mkondo wa bahari ilibadilishwa kwa shilingi mbili kamili. Serikali za bara zililazimika kuzuia rupia zisiingizwe kutoka nje, na Bodi ya Sarafu ikabeba hasara kubwa kwa rupia ilizozikomboa kwa bei hiyo. Ndiyo maana hati ya Bagamoyo ya wakati ule na hati ya Wete, Pemba, zote za rupia 600, hazisomwi sawa: ya kwanza ni shilingi 1,200, ya pili hulingana na tarehe yake.

Baadaye rupia ilipanda tena hadi peni 18, na mwaka 1927 sheria ya India ikaithibitisha hapo. Gawa 18 kwa 12, unapata moja na nusu. Uingereza ilipoacha kuifunga pauni kwenye dhahabu Septemba 1931, rupia na shilingi zote mbili ziliifuata pauni, hivyo baina yao hapakubadilika kitu. Kiwango cha 1936 hakikuwa zawadi kwa mtu wala hila. Kilikuwa bei iliyokuwepo tayari.

Hati za riyali zina hesabu nyingine. Riyali ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya asili ya Austria, ilikuwa na gramu 23.39 za fedha safi, sawa na fedha ya rupia mbili na kidogo, ingawa sokoni haikukaa hapo siku zote.

Wenye madaftari ya duka waangalie pia ana. Ana moja ni sehemu ya 16 ya rupia, na kwa kiwango cha 1936 ni senti 9.375. Senti moja ya rupia nayo ilikuwa senti moja na nusu ya shilingi, na sarafu ya namna hiyo haikuwepo, hivyo bei ilibidi ikadiriwe juu au chini. Mnunuzi wa vitu vya rejareja ndiye aliyeguswa na ukadiriaji huo kuliko mwenye shamba.

Ninachowaomba msikifanye ni kuichukua shilingi ya 1936, kuipitisha kwenye shilingi ya Tanzania iliyoanza 1966 sawa kwa sawa, kisha mkasema deni la babu lilikuwa bei ya soda. Uzito wa deni haupimwi hivyo. Kabla ya rupia kuondoka, bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, hata mwaka 1934 serikali ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasipotee kwa madeni. Rupia 600 zilibaki 600, lakini frasila (kipimo cha zamani cha uzito) za karafuu za kuzilipa ziliongezeka. Mtu akiniletea hati, namwandikia shilingi kwa kiwango cha mwaka wake, na chini yake frasila ngapi za karafuu zingelilipa deni lile msimu ule.