Nyumba yenye nguzo si lazima iwe ya Kimennonite

Siku hizi kila picha ya nyumba kuukuu ya mbao yenye nguzo mbele, ikitoka kaskazini mwa Poland, huandikiwa chini "nyumba ya Kimennonite", yaani ya Wamennonite, Wakristo wa dhehebu la Kiprotestanti linalokataa vita. Tuelewane. Nyumba ya Kimennonite ni ile ambayo makazi ya watu, zizi na ghala vimeunganishwa, mtu akatoka jikoni hadi kwa ng'ombe bila kukanyaga theluji. Nguzo hazimo katika maana hiyo.

Wengi wetu tukisikia Mennonite tunawaza KMT (Kanisa la Mennonite Tanzania) na Mara. Hao ni tawi jingine: wamisionari walioanza kazi Shirati mwaka 1934 walitoka Pennsylvania, kwa jamii yenye asili ya Uswisi na kusini mwa Ujerumani. Wa Poland walitoka Uholanzi na eneo la pwani la Friesland, wakaanza kuhamia delta ya mto Vistula karne ya 16. Walikimbia mateso ya dini, na wenye ardhi waliwataka kwa sababu walijua kukausha mabwawa. Eneo lenyewe ni Żuławy, karibu na Gdańsk, na sehemu yake iko chini ya usawa wa bahari.

Humo ndimo zilimo zile nyumba za nguzo. Mbele hutokeza chumba cha ghorofani kilichobebwa na nguzo, na chini yake panabaki baraza. Juu mara nyingi palihifadhiwa nafaka. Ya Trutnowy, ya mwaka 1720, ni miongoni mwa zinazojulikana sana. Lakini zilijengwa na wakulima wenye fedha, Walutheri wengi tu wakiwemo, na nyumba za aina hiyo zinapatikana hata Warmia, eneo lililo nje ya delta. Wamennonite matajiri nao walikuwa nazo, sawa. Zilionyesha uwezo wa mtu. Dhehebu lake halikuwa na nafasi hapo.

Alama ya mkulima wa bondeni itafute kwingine. Nyumba imeinuliwa juu ya kilima cha udongo kilichopandishwa kwa mikono. Makazi yameelekea upande maji yanakotokea, zizi likafuata nyuma, ili mafuriko yakija yapeleke samadi mbali na chumba cha kulala badala ya kuiingiza ndani. Kandokando hupandwa mierebi inayopunguza kasi ya maji na kuzuia mabonge ya barafu. Mimi hiyo samadi inanishawishi kuliko nguzo zote za Żuławy.

Ushahidi mwingine uko ng'ambo. Utawala wa Prussia, dola la Kijerumani lililoitwaa delta, ulipowabana Wamennonite wasinunue ardhi, kwa kuwa hawaendi jeshini, kundi moja lilihamia Urusi na kuanzisha Chortitza mwaka 1789, katika Ukraine ya leo. Kutoka koloni hiyo ikazaliwa koloni nyingine, Bergthal, na watu wa Bergthal, Urusi nayo ilipodai askari, wakahamia Kanada kuanzia 1874. Kijiji chao cha Neubergthal, Manitoba, kilichoanza mwaka 1876, bado kina nyumba zilizoungana na mazizi, zimejipanga kando ya barabara moja. Baraza za nguzo hawakuzibeba. Zizi walilibeba.

Hata hilo zizi si lao peke yao, maana Wafriesland wasio Wamennonite nao walijenga hivyo, na kwenye Vistula walikuwepo walowezi Walutheri walioishi vilevile. Wamennonite waliobaki Żuławy karibu wote waliondoka mwaka 1945 kulikimbia Jeshi Jekundu la Kisovieti, na wengi wanaokaa humo leo ni wajukuu wa watu walioletwa baada ya vita. Kwa hiyo ukipost picha, andika "nyumba ya baraza ya Żuławy", inatosha. Ukitaka kuongeza Mmennonite, kwanza soma boriti iliyo juu ya nguzo: mara nyingi mwaka na jina la fundi au la mwenye nyumba vimechongwa hapo.