Kachero wa Miguu Katika Filamu ya Maroboti

Mtu akisikia filamu ya katuni, ya maroboti, tena ya Kijapani, hategemei kumkuta askari kanzu wa makamo, shati limelowa jasho, anagonga milango ya nyumba mbovu akimuulizia mpangaji aliyehama. Ila ndiye huyo anayenirudisha kila mara kwenye Patlabor, filamu ya Mamoru Oshii iliyotoka Japani mwaka 1989. Mimi kazi yangu ni kuchora mandhari za katuni: vyumba, barabara, mawingu, vitu ambavyo mtazamaji havitazami. Basi naomba niieleze filamu hii kwa jicho la fundi wa nyuma ya wahusika. Nitafichua mpaka mwisho wake, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa uhondo akaiangalie kwanza. Haifiki hata saa mbili.

Kisa kiko Tokyo ya mwaka 1999, yaani miaka kumi mbele ya walioitengeneza. Unaendelea mradi mkubwa wa kufukia sehemu ya Ghuba ya Tokyo, na kazi nzito zinafanywa na mashine zenye umbo la mtu, dereva amekaa ndani. Zinaitwa Labor. Kwa kuwa mhalifu naye anaweza kuiba Labor akavunjia watu nyumba, polisi wana kikosi chao chenye Labor zao. Mara mashine zinaanza kuwehuka zenyewe, nyingine hata dereva hazina. Zote zimewekewa mfumo endeshi mpya, HOS. Mtaalamu aliyeutunga anaitwa Eiichi Hoba, na Hoba tulishamwona mwanzoni kabisa, juu ya Safina, jengo kubwa mno lililosimamishwa katikati ya ghuba. Alijirusha baharini huku anatabasamu.

Utamu unaanzia hapo. Hadithi nyingi za upelelezi zinakupa maiti, kisha zinakutuma umtafute muuaji. Hii inakupa mkosaji dakika za mwanzo, tena akiwa amekufa, halafu inakuacha uhangaike kujua alichokosa ni nini. Hakuna wa kutia pingu. Hakuna wa kukalishwa kitini akabanwa maswali. Kumbukumbu zake kazini amezifuta. Kilichobaki ni orodha ya nyumba alizowahi kupanga.

Matsui, yule kachero, anazifuata moja moja. Sisi wasomaji wa riwaya za upelelezi za Kiswahili tumelelewa na Bwana Msa, anavuta kiko na kuwaza mpaka fumbo linalegea, na baada yake akaja Willy Gamba wa ngumi na bastola. Matsui hana makeke ya yeyote kati yao. Ni mtumishi wa serikali mwenye viatu vilivyochoka. Anaingia vichochoroni na mwenzake kijana, koti kalivua, anajifuta shingo, ananyanyua macho. Nyumba za mbao zimeinama, vioo vimevunjika, mifereji maji yake hayatembei. Nyuma ya mabati yaliyoota kutu yamesimama maghorofa ya vioo, meupe kwa joto. Kila anwani ya Hoba ni nyumba ya aina hiyo, ama inasubiri kubomolewa, ama imeshabaki kifusi. Kwa muda mrefu hakuna anayesema neno. Ni muziki wa Kenji Kawai tu na jua la kiangazi.

Sasa kama fundi niseme kitu. Kwenye filamu ya kamera unaweza kupiga mtaa ukapata ukuta, paka na waya wa umeme bila kuviomba. Kwenye katuni hakuna cha bure. Doa la unyevu likionekana kwenye ukuta, jua kuna mtu aliketi akalipaka. Filamu hii ilitengenezwa zamani za karatasi za plastiki: wahusika wanachorwa juu ya plastiki angavu, wanalazwa juu ya mchoro wa rangi wa mandhari, kisha vinapigwa picha pamoja. Mwendo ndio unaokula fedha. Filamu inapita picha 24 kwa sekunde, na katuni za Japani mara nyingi hushikilia mchoro mmoja kwa picha tatu, yaani michoro 8 kwa sekunde, ili kupunguza kazi. Mandhari ni mchoro mmoja tu. Kamera ikiteleza juu yake taratibu, sekunde kumi zimepatikana. Kwa hiyo zile picha ndefu za mitaa, mtu mdogo kwa mbali, zilikuwa nafuu pia. Wapo wanaodharau wakisikia hivyo. Mimi ndiyo naheshimu zaidi, maana akiba iliyopatikana kwenye mwendo imerudishwa ukutani, kwenye kutu, kwenye nyasi zilizoota katikati ya matofali. Msimamizi wa mandhari alikuwa Hiromasa Ogura, na ukitaka kujifunza kuchora joto bila kuchora jua, sitisha filamu popote Matsui anapotembea.

Na kwa sababu kila kitu kimechorwa, mtazamaji mwenyewe anageuka kachero. Unaanza kupekua nyuma ya watu. Ushahidi wa kesi hii uko hukohuko nyuma: ni jiji lenyewe. Hoba anamtembeza Matsui, ingawa ni marehemu, anamwonyesha Tokyo inayofukiwa na ile inayoota juu yake. Tukumbuke ni 1989. Bei ya ardhi Tokyo ilikuwa imepaa kupita akili, na wenye nyumba za zamani walisumbuliwa na madalali, na hata wahuni, mpaka wahame. Mtazamaji wa Tokyo alitoka ukumbini akapita katikati ya vifusi vilevile.

Upande wa pili wa upelelezi ni wa Asuma, kijana wa kikosi cha Labor ambaye, kwa bahati mbaya yake, ni mtoto wa mwenye kampuni iliyotoa HOS. Yeye anafukuzia namba. Anagundua kwamba upepo mkali ukipiga majengo marefu, unazalisha mvumo wa chini ambao sikio la binadamu haliupati. Sikio letu linaanza kusikia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Mashine zinausikia, na kirusi kilichofichwa ndani ya HOS kinaamka. Huku kimbunga kinakuja. Na Safina, kwa ukubwa wake na mahali ilipo, itavuma kuliko jengo lolote. Kimbunga kikifika ikiwa imesimama, Labor za jiji zima zitawehuka kwa pamoja.

Hilo napenda kupita kiasi. Silaha ni maghorofa yaleyale waliyojivunia, kifyatuo ni hali ya hewa, na saa ya filamu ni ramani ya mvua kwenye televisheni. Hakuna haja ya bomu linalohesabu sekunde. Kapteni Goto, mkuu wa kikosi, mtu anayejifanya mvivu, anapeleka vijana wake wakaivunje Safina ndani ya dhoruba, ili wa kulaumiwa akitafutwa, lawama ibebeshwe kimbunga.

Si kila kitu kimenikaa sawa. Mambo ya Mnara wa Babeli yamepakwa kwa brashi nene: mafundi wanapojaribu kuchokonoa HOS, skrini zinajaa neno BABEL, na jina E. Hoba kwa Kijapani linasikika kama Yehova. Tumeelewa, bwana. Tena nusu saa ya mwisho ni vurugu za chuma kwa chuma, zimechorwa vizuri, ila kachero wetu hana nafasi humo. Hata hivyo, katikati ya vurugu kompyuta inaonyesha kadi ya Hoba iko ndani ya Safina, inatembea. Wanapofika wanakuta chumba kimejaa ndege, na kadi imefungwa kwa mmoja wao. Marehemu kawachezea mara ya mwisho, na alibi yake, yaani ushahidi wa kwamba alikuwa kwingine, ni manyoya.

Mwenye kiu ya upelelezi kuliko ya maroboti aende moja kwa moja kwenye Patlabor ya tatu, ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Fumihiko Takayama. Humo makachero wawili ndio wenye filamu, na kikosi cha Labor kinapita kama wageni. Ya pili, ya 1993, ni ya siasa na majeshi. Nzuri sana, ila usiiangalie ukiwa na usingizi.