Digrii Bila Kazi: Nani Abebe Hasara?

Kila baada ya mahafali, wazazi wa Malindi hufika ofisini kwetu na lalamiko moja: shamba la minazi limeuzwa, mtoto amesoma, digrii anayo, kazi hana. Je, chuo kishtakiwe?

Kwa kukosa kazi peke yake, ni vigumu. Marekani, mhitimu wa sheria alikishtaki chuo chake huko San Diego kwamba kilitangaza takwimu za ajira za kupotosha. Mwaka 2016 jopo la raia likakipa chuo ushindi. Mimi pia siungi mkono dhamana ya kazi. Chuo hakijui hoteli za Casuarina hapa Malindi zitajaa wageni au zitafungwa miaka minne ijayo, na kikibanwa kitoe dhamana kitachagua wale wenye wajomba maofisini.

Kudanganywa kuhusu kozi yenyewe ni jambo jingine. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupewa taarifa anazohitaji, huduma iwe ya serikali au ya mtu binafsi. Kwa hiyo kabla ya karo kulipwa, uliza kwa maandishi kama kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ikiwa ni uhandisi, ulizia Bodi ya Wahandisi pia. Wapo vijana nchini waliomaliza masomo ndipo wakaambiwa hawasajiliki. Hao wanastahili kulipwa fidia, sio pole.

Panapouma zaidi ni mkopo. Anayesomeshwa na HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hutakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, apate kazi asipate. Riba ya kawaida ni asilimia 4, na akichelewa kuna faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Faini hiyo, kwa kijana anayeendesha tuktuk ya mtu, ni adhabu ya umaskini. England, walioanza chuo tangu 2023 hukatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Asiyefika hapo hakatwi, na deni linalobaki hufutwa baada ya miaka 40. Kinga ya namna hiyo ndiyo ya kuwadai wabunge wetu.

Kwa sasa, usiye na kazi usinyamaze. Iandikie Bodi ya Mikopo kabla mwaka haujaisha, eleza hali yako, omba mpango wa malipo unaouweza, na nakala ya barua ubaki nayo.